Milimita Saba

Daktari Nabukalu aliingiza rula ndogo ya chuma
kinywani mwa binti yangu, akasoma: saba.
Meno ya juu yameyafunika ya chini
kama pazia lililokatwa refu kuliko dirisha,
na ya chini, kwa kukosa mahali, yanachoma kaakaa.
Akamulika tochi nione: vidonda viwili
vidogo kama punje za ulezi.

Miaka kumi na minne tunakula sahani moja.
Sikuwahi kuviona.

Mimi ni fundi wa milango ya chuma, Arua.
Milimita nazijua.
Milimita saba ni mlango wa Hajati Zamu
unaokwaruza saruji kila alfajiri
hadi jirani aamke akitukana.
Nikasema: Daktari, mlango ukikwaruza
ama unaupunguza, ama unaunyanyua kwenye bawaba.

Hakucheka. Alisogeza kiti.
"Ndivyo hivyo, mzee. Ila mlango wako haukui."

Unaweza, alisema, kuyarudisha ya mbele:
vifungo, waya uliopindwa kwa hesabu,
yakisukumwa pole pole yazame katika mfupa
yalikotoka.
Au unanyanyua nyuma:
vidonge vya buluu mgongoni mwa meno ya juu;
mdomo ukifumba, magego hayakutani,
nayo, yakichoka kungojana, huinuka kutafutana.
Washa, nikawaza. Zile ni washa.

Kipo pia kibao cha plastiki, cha kuvaa na kuvua.
Kazi ile ile, na bei nafuu, akikivaa.
Wengi hukifunga kwenye karatasi wakati wa chakula
kikaenda jalalani na maganda ya matoke.
Vipo vikombe angavu, havionekani hata kwa karibu,
ila kwa kina hiki vitahangaika sana,
na pesa yake nisiitaje mbele ya mtoto.
Na kipo kisu cha taya.
"Hicho si chake. Hicho ni cha mtu aliyekwisha komaa,"
akasema, akinitazama kinywa.

Nikafumba.

Maana ni langu hili pambo.
Nimelichukua kwa mama,
aliyecheka maisha yake yote
akiziba mdomo kwa pindo la kitenge,
na sisi tukadhani ni adabu.

Binti nilimwita Ayikoru, jina la furaha,
naye hucheka kiganja kikiwa kimetangulia.
Sikuuliza. Nilimsifu kwa wageni.

Nilikuwa bado nahesabu kwa milango
(milango tisa ya geji nzito, faida yake yote)
aliposema, "Ipi itaniachia herufi ya s?"
Yeye husoma taarifa mstarini kila Jumatatu.
Kibao kitaila s majuma mawili, akajibiwa,
labda matatu.
Nyaya, siku chache, na mate mengi.
"Basi nyaya," akasema. "Na hivyo vya buluu."
Nilitaka kusema kitu cha baba.
Nilitoa pochi.

Usiku, Karuma, basi liliposimama,
nikamnunulia muhogo wa kuchoma.
Aliung'ata mbele, akaupeleka nyuma,
nyuma hakukuwa na mtu.
Magego yalipigia hewa. Akatafuna tena, hewa.
Akaanza kucheka, machozi yakimtoka,
mkono ukapanda kwa mazoea,
ukafika kidevuni,
ukapangusa mate tu, ukashuka.
Chuma kikameta chini ya balbu ya mchuuzi.

Jumatano nilikwenda kwa Hajati.
Niling'oa pini, nikapanga washa kwenye bawaba,
moja, ya pili, ya tatu, nikaurudisha mlango.
Ukafunga bila sauti.
Hajati akaufunga na kuufungua mara nne
kama mtoto, akaniambia, fundi, ulikuwa wapi siku zote?

Ilikuwa kabla ya chai ya saa nne.
Ayikoru bado miezi kumi na saba,
anakunywa uji kwa mrija, ananinunia.
Nami nikivaa barakoa ya kuchomelea
nikiwa peke yangu, kioo kikiwa cheusi,
naupitisha ulimi kwenye kaakaa langu
na kukigusa kidonda,
nilichokuwa nikikiita joto la chai.